Kona ya Sokoni, Mizunguko Kumi na Miwili

Kwa karibu miaka hamsini nimewaeleza watu kwa nini sikufika Morogoro, na kila nilipoeleza, mwenye makosa alikuwa mtu mmoja, Abdala wa Chanzuru. Wanangu wanaijua habari hiyo kiasi cha kunimalizia sentensi. Marehemu mke wangu alikuwa akisikia naianza, ananyanyuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata siku ambayo jikoni hakuna chungu. Kwa hiyo Yohana aliponipigia simu hapa Mikumi asubuhi moja na kusema, "Hamisi, mwenzetu ametangulia. Abdala. Tunazika kesho baada ya adhuhuri," jambo la kwanza nililohisi, na ninaliandika kwa aibu, lilikuwa kero. Nilikereka kwamba amekufa kabla sijamaliza kumkasirikia. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa nimeshika kiatu kimoja na kutafuta cha pili, nayo ilipokuja ilinikalisha kitandani muda mrefu.

Mambo ya ukoo wangu nayaruka, hayakuendesha baiskeli. Mwaka ninaousema ni mmoja wa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, ambapo kila kitu kilikuwa na kamati na kila kamati ilikuwa na kikao. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwendesha mashine ya kusaga ya ushirika, nyuma ya soko la Kilosa. Nilishinda nimefunikwa unga toka kope hadi vidole vya miguu, nikitazama madebe yakija na kuondoka. Sura za watu sikuzitazama, maana katika vumbi lile wote walifanana. Nyuma ya mashine palikuwa na chumba cha kuwekea magunia, na humo ndimo timu yetu ilimozaliwa. Kilikuwa na dirisha moja lisilo kioo, jiko la mkaa, sufuria iliyobonyea upande, na mkeka ambao panya walikuwa wameshaanza kuumaliza kwa pembeni. Tulikula humo kila mchana, ugali wa dona na mlenda, siku ya bahati kambale wa mto Mkondoa, na juu yake chai ya rangi isiyo na sukari. Hilo la sukari lilikuwa likinikera peke yake. Mashamba ya miwa ya Ruhembe yalikuwa mwendo wa siku moja tu kutoka pale, lakini sisi tulikunywa chai chungu kama watu wa jangwani.

Timu ilikuwa watu watatu. Yohana alikuwa mtu wa milimani, wa kule Malolo, Mwanglikana aliyepita shule ya misheni na wakati huo akifundisha elimu ya watu wazima. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na aliamini kila jambo duniani lina maelezo. Abdala alikuwa kijana wa Chanzuru aliyewaletea wanakijiji wenzake mahindi mashineni kwa baiskeli, gunia zima kwenye keria, na mapaja yake yalikuwa kama vinu. Wa tatu nilikuwa mimi. Kwenye vuta nikuvute ya barabara ndefu wote wawili walinishinda, lakini katika hatua mia za mwisho hapakuwa na mtu Kilosa nzima wa kunikamata. Sijisifu. Au basi, najisifu, lakini ilikuwa kweli.

Sikukuu ya Saba Saba mwaka ule wilaya iliandaa mashindano ya kuuzunguka mji. Mnaanzia bomani, mnateremka Uhindini kwenye maduka, mnakata kona ya sokoni, mnapita stesheni ya reli, kisha mnapanda tena bomani. Mizunguko kumi na miwili. Mshindi, mmoja tu, angepelekwa Morogoro kupambana na washindi wa wilaya nyingine, na atakayefanya vizuri Morogoro angechukuliwa Dar es Salaam kufanya mazoezi na vijana wa taifa. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kukohoa unga. Nilikuwa nimechoka kulala nikisikia gari moshi likipiga honi na kuondoka na watu wengine. Usiku nilijiona nimesimama Morogoro na namba mgongoni, na asubuhi naamka natikisa shuka unga unadondoka.

Hila ya kushinda tuliipata hapa Mikumi. Siku hizo lami ilikuwa bado mpya, na Yohana alisema mtu hawezi kujifunza mwendo kwenye mchanga, kwa hiyo Jumamosi moja tukaja kwa baiskeli kutoka Kilosa. Safari ile ingetosha kunionya. Abdala alikuwa hapiti mtu mzima akiwa juu ya baiskeli. Akiona mzee anakuja na jembe lake, anashuka, anaamkia, anajibiwa marahaba, anaulizwa ametoka kwa nani na anakwenda kwa nani, anajibu yote, ndipo anapanda. Njia nzima ilikuwa hivyo. Mimi pia nililelewa, shikamoo naijua, lakini niliitoa nikiwa juu ya kiti na kupunguza mwendo kidogo, kama walivyokuwa wameanza kufanya vijana wengi. "Abdala, tutafika lini?" nilimuuliza. Akanijibu kwa upole uliozidi kunichoma, "Tangulieni, nitawafikia." Na kweli, kila mara alitufikia. Tulikuwa tunasikia mnyororo wake unalia nyuma yetu, halafu huyo, kifua wazi, jasho linamtoka, anatabasamu.

Kwenye lami tulilifuata lori la mbao kwa karibu, na Yohana akapiga kelele kwamba pedali zimekuwa nyepesi. Tulipokaa kwenye mkahawa mmoja wa barabarani alitupangia vikombe juu ya meza. "Hiki kikombe cha mbele ndicho kinachopigwa na upepo," alisema. "Cha nyuma yake kinapumzika. Sasa sikilizeni. Mimi nitawafuata wote watakaojaribu kukimbia mapema, niwachoshe. Abdala atavuta. Hamisi atajibanza mgongoni kwa Abdala, haonji upepo hata chembe. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona ya sokoni, Abdala anatoa nguvu zote mpaka karibu na boma, halafu anakwepa kando, na Hamisi anachomoka." Abdala alivitazama vile vikombe muda mrefu. Kisha akachukua cha mbele, kile cha upepo, akanywa chai yake. "Sawa," akasema. Hakuuliza yeye atapata nini.

Aliyeuliza alikuwa katibu wa tawi, mlezi wa timu yetu, mtu mwema mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Yohana alipomweleza mpango, alivua kofia. "Ngoja kwanza, ndugu. Yaani Hamisi anakaa nyuma mizunguko kumi na mmoja, upepo unawapiga wenzake, halafu mwisho anatoka yeye anachukua ushindi?"

"Ndiyo, ndugu Katibu," alisema Yohana.

"Huyo si mwendesha baiskeli. Huyo ni kupe."

Vilifanyika vikao vitatu. Vyote vilifanyika mbele ya mashine, kwenye kivuli, na mimi nilivisikiliza nimelala juu ya magunia upande wa pili wa ukuta, nikiuma meno. Mjumbe mmoja alitaka tuvuke mstari wote watatu tumeshikana mikono. Mwingine aliuliza kama sheria zinakataza kuziunganisha baiskeli kwa kamba. Wa tatu alitaka kujua kwa nini tusimbebe Hamisi kabisa kwenye keria, kama hapendi kuchoka. Katibu alisema unyonyaji ni unyonyaji, hata ukiwa na magurudumu. Mwishoni kabisa nikasikia sauti ya Abdala, ambaye katika vikao vyote alikuwa hajanena neno. "Ndugu Katibu, kuku ana mapaja mawili na sisi ni watatu. Tukimkatakata sawasawa, hakuna atakayejua amekula nini. Mpeni Hamisi. Hamisi akifika, tumefika." Watu wakacheka, na Katibu akakubali, kwa sharti kwamba kuwe na zamu. Yeye mwenyewe angesimama bomani na filimbi, na kila tukipita angeita jina la anayepaswa kwenda mbele. Nilishukuru Mungu kwamba wamemaliza. Abdala sikumshukuru, kwa sababu niliona amesema tu lililo wazi.

Wiki mbili za mwisho sikuwa na hali ya kawaida. Kila aliyekuja kusaga nilimwambia habari za mashindano, nikipaza sauti juu ya mlio wa mashine. Simama kona ya sokoni, nilimwambia kila mama aliyenishikisha debe, hapo ndipo utakapotuona tunachomoka. Na usiondoke mpaka mwisho, maana utamu wote uko mwisho. Nao walicheka, wakajitwisha unga wao, wakaenda. Kupitia dirisha la chumba cha magunia niliwasikia wakizungumza huku wanasubiri zamu. Mmoja alisema kijana wa mashine atapasuka kwa majivuno. Mwingine alisema yule Abdala ndiye mwenye nidhamu, heri binti wa Chanzuru aliyempata. Hilo lilikuwa kweli. Abdala alikuwa amemposa Mwanaidi, binti wa kwao, posa imepokelewa, ndoa ingefuata baada ya Saba Saba, na alikuwa ameniomba mimi ndiye nisimame naye siku hiyo. Nilikubali nikiwa nakula, nafikiri hata sikuacha kutafuna.

Siku ilipofika mji ulijaa. Tulikuwa waendeshaji wapata ishirini, na kati yao tuliowaogopa walikuwa wakata miwa wa Ruhembe, hasa mmoja mwenye kofia nyekundu, mtu wa mabega mapana aliyetema mate kabla ya kila jambo. Bunduki ya mgambo ililia, tukaondoka, vumbi likafuata. Yohana alikaa mbele akiwachunga wenye haraka, mimi nilijibanza mgongoni kwa Abdala, na uwongo mbaya, pedali zilikuwa nyepesi kama nazunguka hewani. Tukateremka Uhindini, tukakata kona ya sokoni, na ghafla nikawa sina mgongo mbele yangu. Abdala alikuwa ameshuka. Nilipogeuka nilimwona ameisimamisha baiskeli pembeni, ameinama mbele ya mama mmoja mwenye khanga ya bluu, anatazama chini.

Alitufikia mbele ya stesheni. "Una wazimu?" nilimuuliza.

"Mkwe," alisema, akihema. "Mama yake Mwanaidi. Yupo pale konani."

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe. Mkwe hapitwi juu ya baiskeli. Unashuka, unasogeza chombo kando, unaamkia ukitazama chini, na huondoki mpaka apite yeye au akupe ruhusa. Na mama ambaye bado hajakukabidhi binti yake, uzito wake ni mara mbili. Haya yote niliyajua. Nilichokuwa sikijui, na nilichokilalamikia miaka yote hii, ni kwa nini mama mtu alisimama pale pale, hatikisiki, mzunguko baada ya mzunguko. Mwanzo alikuwa hajui la kufanya, Abdala ameinama na yeye amesimama, hadi mtu akamnong'oneza, ndipo aliposema, "Marahaba, baba, nenda." Mzunguko wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kufikia wa nne watu wa konani walikuwa wameacha kutazama mashindano. Walikuwa wanamngoja Abdala, na akishuka wote wanaitikia marahaba kwa pamoja, kisha wanampigia makofi akipanda. Huko bomani Katibu alikuwa anapuliza filimbi mpaka mishipa inamtoka, anaita, "Abdala mbele! Zamu ya Abdala!" wakati huo Abdala yuko sokoni ameinama.

"Leo ni mashindano," nilimwambia katika mzunguko wa tano. "Pita tu. Ataelewa."

"Yeye ataelewa," akasema. "Mimi nitamtazamaje?"

Yohana, mtu wa maelezo, akabuni hila nyingine. Mzunguko wa saba tulimficha. Abdala alikaa upande wa kushoto, kichwa chini, mimi na Yohana tukamziba upande wa pili kwa miili yetu, na tukapita konani kama moshi. Mama hakumwona. Watu wa konani walishangaa, wengine walizomea. Nilikuwa nimeanza kucheka kwa furaha nilipoona Abdala anafunga breki, anageuza baiskeli, anarudi nyuma. Alipotukuta tena, tumeshapanda bomani, uso wake ulikuwa umebadilika rangi kwa kuchoka. "Yeye hakuniona," alisema, "lakini mimi nilimwona." Nilitamani kumpiga. Ningekuwa na mkono wa tatu, usio na kazi ya usukani, ningempiga.

Nataka niwe mkweli kuhusu nguvu za mtu yule, maana nikisimulia kwa hasira huwa nalisahau hili. Mara kumi na moja alisimama, na mara kumi na moja alitufikia, peke yake, upepo wote ukiwa wake. Kila akitufikia alikuwa anapita moja kwa moja hadi mbele na kuanza kuvuta, bila kuomba hata pumzi mbili za kujibanza. Wale wa Ruhembe walimtazama kama kitu cha kutisha. Kama angeendesha kwa ajili yake mwenyewe, na mama yule angekuwa amebaki nyumbani kwake, angeshinda kwa umbali wa kunywa chai.

Tulipoingia mzunguko wa mwisho tulibaki sita mbele. Nilimsogelea. "Abdala, ukishuka safari hii, nimekwisha. Nakuomba. Mara moja tu." Tulikuwa tunateremka Uhindini, nyuso za watu zinapita pembeni. Kisha akasema, "Kaa nyuma yangu," akasimama juu ya pedali. Jinsi alivyokwenda siwezi kueleza. Mwenye kofia nyekundu aliachwa baiskeli tatu, nne, tano. Nyuma nilimsikia Yohana anapiga kelele, "Hamisi, mwache! Kaa na mwenye kofia! Kaa na mwenye kofia!" na nilimwona mjinga, maana alikuwa ananiambia niuache mgongo ulio bora kuliko yote. Nilisema moyoni, amekubali, leo atapita. Niliona kona. Niliona khanga ya bluu. Niliona mkono wa Abdala unakwenda kwenye breki.

Niliparamia mafungu ya mihogo ya mwanamke mmoja, mnyororo ukatoka, na goti langu likachanika, hadi leo lina kovu. Nilipokuwa nahangaika kurudisha mnyororo nilisikia nyuma yangu sauti ya kundi zima inasema marahaba. Mwenye kofia nyekundu alipita akatema mate. Abdala alinijia mbio, akanisimamisha, akasema, "Panda, panda, nitakuvuta," na alinivuta kweli, akaniingiza wa saba. Morogoro wanataka mmoja. Mwenye kofia nyekundu alipanda gari moshi wiki iliyofuata, na nilisikia honi yake nikiwa mashineni.

Jioni ile, katika chumba cha magunia, Yohana alinifunga goti kwa kitambaa. Abdala alikaa mlangoni, hakuingia. "Nilikuwa natafuta mwanya," alisema. "Nikisimama, uwe na nafasi ya kutosha uendelee peke yako. Ulijua nitashuka, Hamisi. Nilishuka mara kumi na moja." Nimeyachambua maneno hayo kwa miaka hamsini na sijaona kasoro yake, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu akikukosea, angalau akukosee kwa makosa. Nilimwambia atafute mwingine wa kusimama naye siku ya ndoa, mtu anayejua kushuka. Akasema, "Nitakungoja." Nikamwambia asijisumbue. Siku ya ndoa mashine haikusaga hata kibaba, maana mji mzima ulikwenda Chanzuru. Nilikaa peke yangu kwenye magunia nikala ugali na chumvi. Kabla mwaka haujaisha nilihamia Mikumi, nikapata kazi kwenye kambi ya barabara, na hapa nimebaki. Tulikutana mara chache, misibani. Alikuwa ananisabahi, namjibu, na habari za baiskeli hakuna aliyezigusa.

Kwa hiyo nilikwenda kuzika. Yohana alinipokea, sasa mwalimu mstaafu mwenye miwani minene na fimbo, na baada ya makaburini mjukuu mmoja alikuja kutuambia bibi anatuita. Mwanaidi alikuwa amekaa ndani, kwenye godoro, wanawake wenzake wamemzunguka. Sisi tulikaa kwenye mkeka karibu na mlango, tukaletewa chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

"Pole sana, shemeji," nilisema.

"Tumeshapoa, shemeji. Umekuja." Alinitazama. "Bado umekasirika?"

"Nilishasahau zamani," nilisema, na Yohana akakohoa.

"Mama, Mungu amrehemu, hakusahau. Mpaka anakufa alikuwa akijilaumu kwa siku ile. Alisema alitamani ardhi ipasuke. Hakujua kwamba baiskeli zinarudi pale pale. Alidhani zinapita mara moja, kama gari moshi."

Pale nikasikia moto wa zamani unapanda. Mtu wa miaka sabini na kitu, msibani, na kikombe mkononi. "Sasa si angeondoka?" nilisema. "Mzunguko wa pili tu, angeondoka."

"Alitaka kuondoka. Lakini alikuwa ameombwa asiondoke mpaka mwisho."

"Na nani?"

Mwanaidi alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. "Na wewe, shemeji. Alikuja mashineni na debe lake la mahindi, ukamwambia asimame kona ya sokoni, asiondoke, utamu wote uko mwisho. Yeye alikujua wewe ndiye utakayesimama na mkwe wake. Akaona si adabu, rafiki wa mkwe amekuomba jambo halafu ulipuuze. Akajikaza akasimama."

Nilijaribu kumkumbuka. Nilikumbuka madebe tu.

"Abdala alijua?" niliuliza.

"Alijua jioni ile ile. Mama alimtuma shangazi kwenda kumwomba radhi, na shangazi akaeleza yote. Abdala akasema usiambiwe kamwe. Alisema ukijua utajikasirikia mwenyewe, na hasira zako wewe huziwezi, bora azibebe yeye."

Wanawake walikuwa wanapanga vikombe. Nikauliza swali ambalo kwa miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mtu, kwamba siku ya ndoa alisimama na nani.

"Hakusimama na mtu," alisema Mwanaidi. "Shehe alimngoja, wazee wakaanza kunung'unika jua linakwenda. Kaka yangu alijitolea, akamkatalia. Akasema, 'Tuanze tu. Mwenzangu amebaki nyuma kidogo, atatufikia.'"

Yohana alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Niliweka kikombe chini, kwenye mkeka, kwa uangalifu.

"Nimefika, shemeji," nilisema.